Nukta Mbili Juu ya Irabu: Fonti, Chapa ya Rangi na Maandishi ya Lugha za Sudan Kusini kutoka Rejaf hadi Malakia, 1928–2023

Ikisiri

Mwaka 1928 mikutano miwili ya lugha ilifanyika katika ukanda huu: mmoja Rejaf, jirani na Juba, mwezi Aprili, na mwingine Mombasa, mwezi Juni. Mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lugha iliyoandikwa kwa herufi zilizokuwa tayari katika kila taipureta. Mkutano wa Rejaf ulizipa lugha za kusini mwa Sudan herufi mpya ambazo mashine nyingi hazikuwa nazo. Makala hii inafuatilia safari ya herufi hizo katika chapa ya risasi, taipureta, kompyuta na hatimaye chapa ya rangi nne. Hoja yake ni kwamba kikomo cha fonti si suala la kiufundi tu. Ni sehemu ya historia ya kuamua lugha ipi inachapwa ilivyo na lugha ipi inachapwa ikiwa pungufu.

Maneno muhimu: fonti, tahajia, Kidinka, Kibari, chapa ya rangi, Juba

1. Utangulizi

Malakia ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Juba. Jina lake linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uraia, kinyume cha uaskari. Katika Sudan ya kikoloni, malakia ilikuwa makazi ya raia kando ya kituo cha serikali, mahali walipokaa askari waliostaafu, wafanyabiashara na jamaa zao. Makao makuu ya jimbo yalipohamishwa kutoka Mongalla kwenda Juba mwishoni mwa miaka ya 1920, mji huo mpya nao ulipata Malakia yake. Lugha iliyowaunganisha wakazi wa mitaa ya namna hiyo ni Kiarabu cha Juba, ndugu wa karibu wa Kinubi kinachosemwa Kibera nchini Kenya na Bombo nchini Uganda. Pamoja nacho husikika Kibari cha wenyeji wa eneo la Juba, Kidinka, Kinuer, Kizande na lugha nyingine nyingi. Kiswahili nacho kimeingia mjini pamoja na wafanyabiashara na waliorejea kutoka ukimbizini Kenya na Uganda.

Katika wingi huo wa lugha, Kiingereza na Kiarabu ndizo zilizotawala magazeti na mabango. Sababu zinazotajwa kwa kawaida ni vita, umaskini na sera, na zote ni za kweli. Hata hivyo, ipo sababu nyingine ambayo haijapewa uzito unaostahili: herufi yenyewe. Matini ya Kiingereza, ya Kiswahili, au ya Kiarabu cha Juba kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini inaweza kupelekwa katika kiwanda chochote cha chapa ikatoka ilivyoingia. Matini ya Kidinka haina uhakika huo. Ili kuelewa kwa nini, sharti turudi Rejaf.

2. Mikutano miwili ya mwaka 1928

Mkutano wa Rejaf ulifanyika tarehe 9 hadi 14 Aprili 1928, katika kituo kilichokuwa kando ya Mto Nile, kusini kidogo mwa mahali ulipo mji wa Juba. Ulikutanisha maofisa wa serikali, wamisionari na wataalamu wa lugha, akiwamo Diedrich Westermann, mwanaisimu wa Kijerumani aliyehusika sana katika Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika. Mwaka mmoja kabla, taasisi hiyo ilikuwa imetoa mwongozo wa tahajia uliokuja kujulikana kama alfabeti ya Afrika. Mkutano uliteua lugha za kufundishia katika makundi, zikiwamo Kidinka, Kibari, Kinuer, Kishilluk, Kilatuko na Kizande, na ukaweka misingi ya kuziandika kwa kufuata alfabeti hiyo. Hivyo zikaingia katika vitabu herufi kama ŋ, ɛ, ɔ na ɣ.

Alfabeti ya Afrika ilikuwa na falsafa yake. Watunzi wake waliona kuwa alama ndogo za juu na chini ya herufi huchosha macho, husahaulika katika mwandiko, na huvunjika katika herufi za risasi. Kwa hiyo walipendelea kubuni herufi mpya kamili badala ya kuirundikia herufi ya zamani nukta na vistari. Kwa teknolojia ya wakati ule, hoja hiyo ilikuwa na mashiko.

Miezi miwili baadaye, Mombasa ikawa mwenyeji wa mkutano wa makoloni ya Afrika Mashariki ulioteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Kamati ya lugha iliyofuata ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930. Katika tahajia, Kiswahili hakikuchukua herufi mpya. Sauti ambayo Rejaf iliiandika kwa ŋ, Kiswahili kiliiandika kwa herufi mbili na ritifaa: ng'. Sauti nyingine zikapata sh, ch, th, dh na gh. Mpigataipu yeyote wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala aliweza kuandika Kiswahili kwa mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza.

Hakuna ushahidi katika maamuzi hayo kwamba upande mmoja ulikuwa na busara kuliko mwingine. Lugha zilitofautiana. Kiswahili kina irabu tano na herufi za Kilatini zina irabu tano. Lugha za Kiniloti zina irabu zaidi ya hizo, na tofauti zake hubeba maana. Hata hivyo, matokeo ya muda mrefu yalikuwa makubwa. Lugha moja ilitoka mkutanoni ikiwa na mashine zake tayari. Nyingine zilitoka zikiwa na deni la kutafutiwa mashine.

3. Risasi, taipureta na mkono

Katika chapa ya risasi, kila herufi mpya ilihitaji kuchongewa kalibu na kusubuliwa kwa wingi wa kutosha, kwa kila ukubwa na kila mtindo. Kiwanda kilichokuwa na ŋ ya kawaida hakikuwa lazima kiwe na ŋ nzito au ya mlazo. Kwa sababu hiyo kazi kubwa zilipelekwa mbali, palipokuwa na akiba ya herufi. Sarufi ya Kibari ya padri Lorenzo Spagnolo, kwa mfano, ilichapwa Verona, Italia, mwaka 1933.

Taipureta ilileta kikomo cha namna nyingine. Vitufe vyake ni vichache, na kila herufi iliyoongezwa ilihitaji nyingine iondolewe. Pasipokuwa na mashine iliyorekebishwa, ilibaki njia ya kuongeza mkia au nukta kwa kalamu baada ya kupiga taipu. Lakini taipureta ilikuwa na wepesi mmoja ambao kompyuta ilikuja kuuondoa: ilikuwa rahisi kurudi nyuma hatua moja na kupiga mstari chini ya herufi. Tahajia ya Kinuer inatumia mstari chini ya irabu, kama katika a̱ na ɔ̱. Kwa mpigataipu, mstari huo haukuwa na gharama yoyote.

Siasa nayo iliingia katika herufi. Baada ya Sudan kupata uhuru mwaka 1956, serikali ya Khartoum ilisukuma elimu ya Kiarabu kusini. Shule za misheni zilitaifishwa mwaka 1957, na mwaka 1964 wamisionari wa kigeni wakafukuzwa. Katika kipindi hicho mtaalamu kutoka Misri, Khalil Asakir, alipewa kazi ya kuziandikia lugha za kusini hati ya Kiarabu. Mradi huo haukudumu, lakini ulikuwa na somo: kubadili hati kulikuwa kubadili pia nani mwenye mashine na nani mwenye mamlaka ya kuchapa. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 ulirudisha nafasi ya lugha za kusini kwa hati ya Kilatini, na taasisi ya lugha za eneo hilo ikaanzishwa Maridi. Vita vilivyoanza tena mwaka 1983 vilikatiza kazi hiyo, na sehemu kubwa ya utayarishaji wa vitabu ikaendelea nje ya kusini, hasa Nairobi na Khartoum.

4. Nafasi 256

Ni wakati wa vita hivyo ndipo kompyuta ilipobadili uchapishaji duniani. Mwaka 1985 programu ya PageMaker, lugha ya PostScript na printa ya leza vilikutana, na mtu mmoja mezani akaweza kupanga kurasa ambazo awali zilihitaji karakana nzima. Kwa lugha zisizo na akiba ya risasi, huu ulionekana kuwa ukombozi, kwa kuwa herufi yoyote iliweza kuchorwa kwa kipanya bila kusubuliwa.

Ukombozi huo ulikuwa na mpaka wake. Fonti za kizazi hicho zilitoa nafasi 256 tu kwa wakati mmoja, na nafasi hizo zilikuwa zimegawanywa kwa mahitaji ya Ulaya Magharibi. Kijerumani kilihitaji ä na ö, Kifaransa kilihitaji ë na ï, kwa hiyo herufi hizo zilikuwamo. Katika Kidinka nukta mbili juu ya irabu huonyesha sauti yenye pumzi, na kwa bahati mwandishi wa Kidinka alizikuta ä, ë, ï na ö zikimsubiri, zimewekwa kwa ajili ya watu wengine. Alichokosa ni ɛ̈ na ɔ̈, ambazo hakuna lugha kubwa ya Ulaya iliyozihitaji. Jina la wasemaji wenyewe, Jiɛ̈ɛ̈ŋ, lilikuwa nje ya uwezo wa fonti ya kawaida. Jina la lugha yao, Thuɔŋjäŋ, liliwezekana kwa herufi ä peke yake, huku ɔ na ŋ zikikosekana.

Suluhisho lililotumika duniani kote kwa lugha za aina hii lilikuwa kutengeneza fonti maalumu: alama isiyotumika sana inaondolewa na mahali pake panachorwa herufi inayotakiwa. Katika kompyuta yenye fonti hiyo, matini ilisomeka vizuri. Katika kompyuta isiyokuwa nayo, herufi hiyo iligeuka kuwa alama ya fedha, mabano au herufi ya Kiskandinavia. Maneno yalihifadhiwa kama picha ya fonti moja, si kama lugha. Faili ikitoka Nairobi kwenda kiwanda kingine bila fonti yake, printa ya PostScript haikusimama kuuliza. Iliweka fonti ya Courier na kuendelea kuchapa.

Mstari wa Kinuer uliokuwa rahisi kwa taipureta ukawa tatizo jipya. Katika programu za kompyuta, kupigia mstari chini ni pambo la matini. Matini ikihamishwa kutoka programu ya kuandikia kwenda ya kupangia kurasa, pambo laweza kuachwa nyuma, na sehemu ya irabu inaachwa pamoja nalo. Kibari nacho kilikuwa na shida iliyojificha zaidi. Sauti zake zinazoandikwa 'b, 'd na 'y zina ritifaa mbele. Programu iliyozoea Kiingereza huiona ritifaa mwanzoni mwa neno na kudhani ni alama ya kufungua nukuu, kisha huigeuza bila kuuliza. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika ng'ombe hapatwi na jambo hili, kwa kuwa ritifaa yake iko katikati ya neno.

5. Unicode na ahadi yake

Toleo la kwanza la Unicode lilitoka mwaka 1991 kwa lengo la kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake. Herufi ŋ, ɛ, ɔ na ɣ zilipata namba zao. Herufi ɛ̈ na ɔ̈ hazikupata. Kanuni ya Unicode ni kwamba herufi inayoweza kuundwa kwa kuunganisha herufi ya msingi na alama haipewi namba mpya. Herufi ä na ë zina namba zao kamili kwa sababu zilirithiwa kutoka viwango vya zamani vya Ulaya. Zilifika mapema, mlango ukafungwa. Hivyo neno moja la Kidinka laweza kuwa na irabu mbili zenye nukta, moja ikiwa herufi kamili na nyingine ikiwa herufi na alama inayoelea juu yake.

Tofauti hiyo haionekani kwa msomaji mambo yakienda vizuri. Yasipokwenda vizuri, huonekana mara moja. Kuiweka alama inayoelea mahali pake ni kazi ya fonti na programu kwa pamoja. Fonti isiyo na maelekezo hayo huziacha nukta zikielea pembeni, au huzigandisha juu ya herufi inayofuata. Programu ikikosa alama katika fonti moja, huiazima kutoka nyingine, na ukurasa unakuwa na nukta nene juu ya herufi nyembamba. Hata ŋ kubwa ina mgogoro wake. Namba ni moja lakini maumbo ni mawili: moja lenye sura ya N, lililozoeleka katika lugha za Wasami wa Ulaya Kaskazini, na jingine lenye sura ya n iliyokuzwa, linalopendelewa sehemu nyingi za Afrika. Mtengenezaji wa fonti ndiye huamua, na mara nyingi hajui kwamba ameamua.

Programu za kupangia kurasa zilichelewa kuifuata Unicode. PageMaker ilifikia toleo lake la mwisho mwaka 2001 bila kuikubali, na QuarkXPress iliikubali mwaka 2006. Fonti huru zenye maelekezo kamili ya alama, kama Gentium, Charis SIL na Doulos SIL, zilisambaa zaidi baada ya leseni huria ya fonti kutolewa mwaka 2005. Mwaka huohuo, tarehe 9 Januari, mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa saini Nairobi. Amani na fonti vilifika Juba karibu wakati mmoja.

6. Nukta mbele ya wino nne

Uhuru wa tarehe 9 Julai 2011 uliongeza mahitaji. Katiba ya mpito ya mwaka huo ilitamka katika kifungu cha 6 kwamba lugha zote za wenyeji ni lugha za taifa, na zitaheshimiwa na kuendelezwa, huku Kiingereza kikiwa lugha rasmi ya kazi. Sera ya elimu ilielekeza lugha za taifa zitumike katika madarasa ya mwanzo. Kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza ni kitabu cha picha, na picha zinahitaji rangi. Hapo ndipo herufi za Rejaf zilipokutana na mtihani wake mgumu zaidi.

Chapa ya rangi hutumia wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kila wino una bati lake, na karatasi hupita chini ya kila bati kwa zamu. Skrini ya kompyuta, kwa upande mwingine, huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Faili ikigeuzwa kutoka mfumo wa mwanga kwenda mfumo wa wino, weusi wa maandishi unaweza kugawanywa katika mabati yote manne. Karatasi ikisogea hata kidogo sana kati ya bati na bati, herufi hupata kivuli cha rangi. Herufi kubwa huvumilia. Nukta mbili juu ya ɛ haziwezi kuvumilia: hutanuka, hugusana, na kuwa kistari kimoja au doa. Kadhalika maandishi meupe ndani ya picha ya rangi hujazwa wino, na kitu cha kwanza kuzibwa ni kile kilicho kidogo kuliko vyote.

Kiwanda cha chapa hujilinda dhidi ya fonti zisizojulikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kudai fonti zote zipachikwe ndani ya faili ya PDF, jambo lililofanywa sharti na viwango vya kimataifa vya chapa. Njia hii ni salama mradi leseni ya fonti inaruhusu na programu imepachika pia ile fonti iliyoazimwa kimyakimya kwa ajili ya alama. Ya pili ni kugeuza maandishi yote kuwa michoro. Hapo hakuna fonti tena ya kukosekana. Lakini hakuna maandishi tena pia: kosa likigunduliwa kiwandani haliwezi kusahihishwa kwa kuandika, na faili haiwezi kutafutwa wala kutumika tena. Kitabu huwa picha ya kitabu.

Katika njia zote mbili, mtu wa mwisho kuiona kurasa kabla ya wino mara nyingi hajui lugha iliyomo. Mchapaji wa Kampala au Nairobi ataona mara moja kama neno la Kiswahili limeharibika. Nukta zikianguka katika neno la Kidinka, hana namna ya kujua kwamba zilikuwapo.

7. Je, herufi zingeachwa?

Ipo hoja inayostahili kujibiwa: kama herufi hizi zina gharama kubwa kiasi hiki, kwa nini zisiachwe? Kiswahili kilifanya hivyo na kikasonga mbele. Lahaja za pwani ya kaskazini hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa mpumuo wa sauti ya p, na washairi wa Mombasa wanaijua tofauti hiyo kwa masikio. Tahajia sanifu haiiandiki, na watu wanaelewana.

Ulinganisho huu, hata hivyo, una kasoro. Kiswahili hubeba sarufi yake katika viambishi. Umoja na wingi huonekana katika m- na wa-, na ngeli humsaidia msomaji kujua ni paa gani anayesemwa. Kidinka hubeba sehemu kubwa ya sarufi yake ndani ya irabu. Tafiti za Torben Andersen kuhusu Kidinka cha Agar (1987) na za Job Malou kuhusu irabu za Kidinka (1988) zimeonyesha jinsi urefu na aina ya sauti ya irabu vinavyofanya kazi katika mfumo wa lugha. Umoja na wingi wa nomino mara nyingi hutofautishwa kwa mabadiliko ndani ya mzizi wenyewe, bila kiambishi chochote. Toni haiandikwi, hivyo msomaji amekwisha kunyimwa msaada mmoja. Kumwondolea na nukta ni kama kumpa msomaji wa Kiswahili kitabu kisicho na viambishi vya ngeli, kisha kumwambia akisie.

8. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kila teknolojia iliyoahidi kuziondolea lugha za Sudan Kusini kikwazo iliondoa kimoja na kuleta kingine. Risasi ilidai kalibu, taipureta ilidai kitufe, fonti ya kwanza ilidai nafasi katika 256, Unicode ikadai fonti inayojua kuweka alama, na chapa ya rangi ikadai bati lililosimama imara. Deni hilo bado linalipwa. Mwezi Januari 2023 kampuni ya Adobe iliacha kuzikubali fonti za aina ya Type 1 katika programu zake. Faili za zamani zilizotegemea fonti za namna hiyo zimekuwa ngumu kufungua kama zilivyopangwa, na kitabu ambacho nakala yake ya kielektroniki ni ya aina hiyo kinaweza kupotea huku faili yake ikiwa bado ipo.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, maktaba na vyuo vya ukanda huu vikusanye faili hizo pamoja na fonti zake, na kuzigeuza kuwa matini ya Unicode wakati wanaojua kuzisoma wangalipo. Pili, maandishi ya vitabu vya rangi yachapwe kwa wino mweusi peke yake, katika bati moja, na fonti zake zipachikwe badala ya kugeuzwa michoro. Tatu, msemaji wa lugha asome nakala ya majaribio iliyotoka kiwandani, si ile iliyo katika skrini.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili kinakaribishwa Juba kikiwa lugha ya jumuiya. Kinaingia mjini kikiwa na bahati iliyopatikana Mombasa mwaka 1928: hakihitaji fonti ya peke yake. Wanaokieneza wanapaswa kukumbuka kwamba wepesi wake katika mashine haukutokana na ubora wa lugha, na kwamba mtoto wa Malakia anayefungua kitabu chake cha kwanza cha rangi ana haki ya kuzikuta nukta za lugha yake zikiwa mahali pake.